Kifurushi Yatima

Siku mama aliponitumia Sh18,000 za karo, nilikuwa na miezi minne tangu niache chuo.

Ilikuwa Januari 2023. Mahindi ya Kitale yalikuwa yameuzwa, na ujumbe wa M-Pesa ulinipata nimejilaza kwa keja yangu Zimmerman, nikihesabu siku zilizobaki kabla mwenye nyumba aanze kubisha. Dakika mbili baadaye akapiga.

"Imefika?"

"Imefika, mama. Asante."

"Basi soma. Usiangalie wenzako wanafanya nini."

Nikasema sawa. Siku hiyo hiyo nililipa nyumba, nikanunua unga, mafuta na bando ya mwezi. Usiku usingizi ulikataa, nikafungua laptopu.

Sikufukuzwa chuo. Nilikuwa nasomea takwimu, mwaka wa pili, nina deni la karo, na asubuhi ya mtihani jina langu halikuwa kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Nilisimama pale na kalamu mbili na kikokotoo cha kuazima. Nikarudi hosteli nikijiambia nitashughulikia Jumatatu. Jumatatu ikawa mwezi. Ukikosa mtihani mmoja unaurudia. Ukikosa yote, na huna barua ya daktari wala ya chifu, unaanza kupitia njia ya nyuma ili usikutane na watu wa darasa lako. Mwishowe nikahama. Hakuna fomu niliyojaza. Chuo hakikujua nimeacha, mama hakujua nimeacha, na kuna asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa naamka na haraka ya mtu anayechelewa darasa la saa mbili.

Laptopu yenyewe ni ThinkPad ya zamani niliyonunua Luthuli Avenue, betri yake inashika dakika ishirini ikiwa na roho safi. Ilikuja na Windows ya magendo iliyokuwa ikiganda kila nikifungua vitu viwili pamoja. Jamaa niliyekaa naye chumba kimoja hosteli ndiye aliyeifuta yote akaniwekea Debian, mfumo endeshi wa bure, usio na mwenyewe, unaotunzwa na watu waliotawanyika kote duniani bila mshahara. Nilimuuliza mara mbili kama hakuna mtu atakuja kudai pesa. Akacheka.

Kwa Debian, ukitaka programu unafungua dirisha jeusi, unaandika sudo apt install na jina la unachotaka, unabonyeza, kwisha. Ila kabla apt haijaanza kazi inakuonyesha kwanza orodha ya wote watakaokuja pamoja na huyo uliyemwita. Mara ya kwanza niliomba programu moja ya kuchezesha video, ikaniambia italeta na vingine zaidi ya hamsini. Nikadhani ni ukora. Umealika mgeni mmoja chakula cha mchana, anashuka kwenye matatu na ukoo mzima. Kwa mtu anayeishi kwa bando ya Sh50 inayokufa saa sita usiku, hiyo ni vita.

Lakini sikuwa naonewa. Hakuna programu inayojua kila kitu. Ile ya video haijui kufungua faili zilizobanwa, haijui kuchora herufi kwenye skrini, haijui kuongea na spika. Kila moja ya kazi hizo ilishafanywa na mtu mwingine, ikawekwa kwenye maktaba ya msimbo ambayo yeyote anaweza kuitumia. Kwa hiyo kila kifurushi cha Debian kinabeba faili inayoitwa control, na ndani yake kuna mistari inayosema kifurushi hiki kinawategemea nani. Kuna mstari wa wale ambao bila wao hakiwezi kuamka kabisa. Kuna wa wale kinaowapendekeza. Kuna wa wale kinaowataja tu kwa heshima. Halafu kuna mstari wa wale kisioweza kulala nao nyumba moja. Nilipousoma huo nilicheka peke yangu, kwa sababu hata kwetu upo, na kila Desemba tunaupuuza, na kila Desemba tunajuta.

Kiswahili kina jambo moja hapa ambalo nalipenda. Yule unayemtegemea ni tegemeo lako. Yule anayekutegemea ni mtegemezi wako. Huwezi kuwachanganya. Fomu za bima zinaomba wategemezi tu: mke, watoto, wazazi wazee. Sijawahi kuona fomu ya kibinadamu inayokuuliza wewe mwenyewe unasimama juu ya nani. Faili ya control inauliza hicho hicho.

Na apt, nikishaizoea, niliipenda kwa jambo dogo sana. Bando ikikatika katikati, haitupi ilichokuwa imeshavuta. Inakihifadhi kwenye folda ya vilivyofika nusu, na kesho ukipata mtandao inaendelea pale pale ilipoachia. Nimefanya kazi na watu wasio na adabu hiyo.

*

Kazi yangu wakati huo ilikuwa ile inayofanywa na nusu ya vijana wa mitaa iliyo karibu na vyuo: kuandikia watu insha. Mtu aliye Uingereza au Marekani ana karatasi ya kurasa kumi kuhusu uuguzi, wewe uliyeshindwa kufanya mitihani yako mwenyewe unamfanyia yake. Nimepita masomo mengi kwa majina ya watu wengine. Kazi hizo zikikosekana nilikuwa nanukuu video, yaani kuandika yale maneno yanayopita chini ya skrini. Kwa hilo nilitumia programu ndogo ya kupanga upya muda wa manukuu, isije sentensi ikatokea kabla mdomo haujafunguka. Sitaitaja jina. Ni ndogo kiasi kwamba ukiitaja mbele ya watumiaji mia wa Debian, labda mmoja atainua mkono.

Siku moja ikakataa kufungua faili zenye herufi za Kiarabu. Nikaenda kuripoti hitilafu. Kwenye Debian kila kifurushi kina mtunzaji, jina lake na baruapepe yake viko pale wazi kwenye control. Cha programu yangu hakikuwa na mtu. Mahali pa jina palikuwa na anwani ya kundi linalookota vilivyoachwa. Nikafuata nyuma nikakuta barua fupi ya aliyekuwa akikitunza. Kichwa chake kilianza na herufi moja tu, O, kisha nukta mbili, kisha jina la kifurushi. Hiyo O ndiyo alama yao ya yatima. Ndani aliandika mistari minne: kwamba hana tena muda, kwamba kifurushi kiko katika hali nzuri isipokuwa hitilafu mbili, kwamba anayekitaka akichukue, na asante.

Niliisoma ile barua mara nyingi kuliko inavyostahili. Kuna orodha nzima ya barua kama hizo, mamia kwa mamia, ziko hadharani, na kila moja ina herufi zake. Kuna ya yatima. Kuna ya anayesema bado ninakishika lakini natafuta wa kunipokea. Kuna ya anayeomba tu mkono wa kusaidiwa. Kuna ya anayejitokeza kupokea. Watu wazima wenye kazi zao wanaandika kwa majina yao kwamba hili limenishinda, na anayefuata anasema haya, nipe. Hakuna anayeitwa ofisini. Hakuna kikao cha wazee.

Agosti 2023 nikajitokeza kupokea. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Sikuwa nimesomea kompyuta, Python nilijifunzia YouTube. Nafikiri nilitaka jina langu liwe limeandikwa mahali fulani kwamba ninawajibika kwa kitu.

Watu wanadhani kufungasha programu ni kuifunga kama unavyofunga mandazi kwenye gazeti. Kazi kubwa ni kusema ukweli kwa mpangilio. Kuna faili ya hakimiliki ambamo unaorodhesha nani aliandika nini na kwa masharti gani, ukipitia faili moja baada ya nyingine, hadi ile picha ya nembo. Kuna changelog, daftari la mabadiliko, ambayo ina sheria kali kuliko mwalimu wangu wa darasa la nne: kila jambo linaanza na nafasi mbili na nyota, jina lako linatanguliwa na nafasi moja na vistari viwili, na kati ya baruapepe yako na tarehe kuna nafasi mbili kamili. Ukiweka moja, inalalamika. Kuna programu inayoitwa lintian inayokagua kila kitu na kukusomea makosa yako bila huruma. Mara ya kwanza ilinisomea thelathini na moja.

Na kwa kuwa mgeni hana ruhusa ya kupakia chochote mwenyewe, unatafuta mdhamini, mmoja wa wenye funguo, akague kazi yako na kuitia sahihi. Wangu alikuwa mtu wa Ulaya ambaye mpaka leo sijui sura yake. Nilimtumia kifurushi nikijivunia. Akajibu kwa sentensi moja: kwake hakijengeki.

Kwangu kilikuwa kinajengeka. Nilikijenga tena mbele ya macho yangu, kikakubali. Nikamwandikia kwa heshima kwamba labda shida iko kwake. Akaniuliza kama nimekijenga kwenye chumba kisafi.

Hili ndilo jambo nililolielewa polepole kuliko yote. Kompyuta yako ni shahidi wa uongo. Imejaa vitu ulivyoweka miezi mingi iliyopita ukasahau, na programu yako inavishika kimyakimya bila kukwambia. Kwa hiyo unapojenga, unajenga ndani ya mfumo mtupu unaotengenezwa dakika hiyo hiyo, usio na chochote isipokuwa mambo machache ya msingi na yale uliyoyataja mwenyewe kwenye control. Kama kuna unachokitegemea na hukukitaja, hapo ndipo kinajulikana. Nilijenga humo. Kikaanguka kwenye sekunde ya kumi. Kulikuwa na maktaba moja ambayo nilikuwa nayo tangu hosteli na sikuwahi kuiandika popote.

Nilikaa nikiitazama ile skrini nyekundu. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimewaambia wasee fulani, tukinywa chai kibandani, kwamba mimi najitegemea, sitegemei mtu.

Septemba mama akatuma Sh18,000 nyingine. Safari hii zilitoka kwa mkopo wa chama.

*

Debian ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, mwanafunzi wa miaka 20 katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Jina lenyewe ni la mchumba wake wa wakati huo, Debra, likiunganishwa na lake. Yeye shahada yake aliimaliza, nimehakikisha, nisije nikajificha nyuma yake. Wazo lake lilikuwa kwamba kila kipande kiwe na mtu wa kukijibia, na vipande vyote vifuate kanuni moja ili vikutane bila kugombana. Zaidi ya miaka thelathini baadaye Ubuntu inajengwa juu ya Debian, na seva nyingi zinazobeba tovuti unazofungua kila siku zinaendeshwa na moja kati ya hizo mbili. Kifurushi changu kidogo kilipopakiwa, kilishuka mto hadi Ubuntu bila mimi kufanya kitu. Jina langu, jina la mtu ambaye chuo kilikuwa kimemsahau, liko ndani ya kompyuta za watu ambao sitawahi kuwaona.

Mmoja wao aliniandikia. Ni mwalimu wa wanafunzi viziwi, Amerika Kusini, anatayarisha video za masomo na kuzitilia manukuu kwa programu hiyo. Alitaka tu kujua kama kuna njia ya kusogeza manukuu ya faili nyingi kwa pamoja. Ipo, nikamwonyesha. Nilitembea siku mbili na ile baruapepe kichwani kama mtu aliyepandishwa cheo.

Halafu mambo yakaanza kubana. Kazi za insha zilikauka. Wale wazungu waligundua kwamba mashine inaweza kuwaandikia bure, na hata haiombi malipo ya nusu kwanza. Oktoba 2023 ilitoka Python 3.12, na humo waliondoa kabisa distutils, maktaba ya zamani ambayo programu yangu ilikuwa inaitumia kujijenga. Miaka kadhaa ilikuwa imetangazwa kwamba itaondolewa. Aliyeiandika programu alishaacha kuigusa zamani. Kwa hiyo Debian ilipoanza kuhamia 3.12, nikapata ripoti ya hitilafu ya ngazi ya juu: kifurushi hakijengeki. Hitilafu ya ngazi hiyo isiposhughulikiwa, saa inaanza kuhesabu, na kifurushi kinaondolewa chenyewe kwenye tawi la majaribio pamoja na vyote vinavyokitegemea. Changu kilikuwa kinategemewa na viwili.

Ilikuwa kazi ya siku nne, tano kwa mtu aliyeshiba. Mimi nilikuwa natembea Zimmerman hadi Kasarani kutafuta kibarua cha kuingiza data. Mtunzaji wa kimoja cha vile viwili akaniandikia kuuliza kama nahitaji msaada. Sikujibu. Akaandika tena. Niliiona ile barua ikiingia nikageuza simu kifudifudi, na mkono wangu uliifahamu kazi hiyo, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila mama akipiga kabla ya saa kumi na moja jioni, saa ambayo mwanafunzi anatakiwa kuwa darasani.

Januari 2024 mama alinitumia Sh32,000. Alikuwa amesikia kutoka kwa jirani kwamba wanafunzi wenye malimbikizo hawaruhusiwi kufanya mtihani. Hilo alilisikia mwaka mmoja na nusu baada ya kunitokea. Aliuza Sukari, mtamba aliyekuwa anamlea apate maziwa ya kuuza. Nilijua Sukari ameuzwa kabla hajaniambia, maana hakuna kitu kingine nyumbani chenye thamani hiyo.

Kuna kitu cha kijinga sitakisahau. Ukiiomba apt msaada, mwisho wa maelezo yake kuna mstari wa utani ambao waandishi wake waliuacha: inajisifu kuwa na nguvu za ajabu za ng'ombe. Ukiandika apt moo inakuchorea ng'ombe kwa herufi na nyota, anakuuliza kama leo umelia moo. Nilikuwa nimekiona mara nyingi nikicheka. Usiku ule niliiomba msaada kwa jambo lingine kabisa, macho yakafika kwenye ule mstari, nikafunga laptopu.

*

Ijumaa Kuu ya mwaka huo ilikuwa tarehe 29 Machi. Mama alitaka niende nyumbani kwa Pasaka. Nikamwambia tuna mtihani Jumanne, na nauli zimepanda. Hilo la pili lilikuwa kweli.

Jioni hiyo habari zikaanza kuzagaa kwamba kuna mlango wa siri ndani ya xz.

Kwa asiyejua, xz ni programu ya kubana faili ziwe ndogo. Iko karibu kila mahali kwenye Linux, na hata vifurushi vya Debian vyenyewe hubanwa nayo. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Ufini, kwa muda wake wa ziada. Mwaka 2022 akaunti kadhaa, ambazo baadaye wengi walizishuku kuwa za bandia, zilianza kumsukuma hadharani kwamba anachelewa, kwamba amkabidhi mtu mwingine. Alijibu hadharani pia, kwamba hajapoteza hamu lakini uwezo wake umepungua, hasa kwa sababu ya shida za muda mrefu za afya ya akili, na kwamba kazi hii hailipwi. Wakati huo kulikuwa na mmoja, mpole, mwenye bidii, anayejiita Jia Tan, aliyekuwa akileta viraka vizuri na kusaidia. Akaaminiwa. Akapewa funguo. Miaka miwili na ushee ya uvumilivu, kisha kwenye toleo la 5.6.0 na la 5.6.1 akaficha mlango.

Namna ulivyofika mahali pa hatari ndiyo somo lote la vitegemeo. Aliyelengwa ni sshd, bawabu anayekuruhusu kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Sshd haihitaji xz hata kidogo. Lakini Debian na wengine wachache walikuwa wameiongezea kiraka ili iweze kuzungumza na systemd, na maktaba ya systemd nayo ilikuwa inategemea ile ya xz. Bawabu anamwamini binamu, binamu anamwamini rafiki, na rafiki ana mgeni chumbani.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya Postgres. Alikuwa anapima mambo yake mengine kwenye Debian, akaona kuingia kwa ssh kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Mtu mwingine angesema mtandao uko polepole leo. Yeye alifuata hiyo nusu sekunde.

Toleo imara la Debian halikuguswa. Lakini mimi kwa sababu ya ufungashaji nilikuwa natumia tawi lisilotulia, linaloitwa sid kwa jina la yule mtoto wa Toy Story anayevunja vitu vya kuchezea. Nikaangalia. Nilikuwa na 5.6.1. Ilikuwa imekaa kwenye ThinkPad yangu, chini ya kila kitu, imetulia tuli.

Nikaita sasisho, likaja na namba ambayo sikuwa nimewahi kuona mfano wake: 5.6.1+really5.4.5-1. Ilibidi niielewe. Apt inajua kwenda mbele tu, ikiona namba kubwa inaichukua, ikiona ndogo inaipuuza. Huwezi kuwarudisha watu 5.4.5 kwa kuwapa 5.4.5, maana kompyuta zao zitasema tumeshapita hapo. Kwa hiyo waliandika namba inayoonekana kubwa, na katikati wakaweka neno la Kiingereza la "kwa kweli". Jina linasema 5.6.1, kwa kweli ni 5.4.5. Hawakuficha kwamba wamerudi nyuma. Waliandika kwenye namba yenyewe, mahali ambapo kila kompyuta duniani itasoma.

Mwaka wa tatu, kwa kweli wa pili. Nililisema kwa sauti, peke yangu ndani ya nyumba, kuona linasikikaje.

Sitaki kujifananisha na Collin. Kifurushi changu hakuna jasusi angekihangaikia. Lakini nilisoma yale majibu yake ya 2022 hadi usiku wa manane, mtu anasema mbele ya dunia kwamba amechoka na ni mgonjwa, na nikafikiria ile barua niliyoigeuza kifudifudi. Kuna mtu mahali fulani alikuwa anangoja neno moja tu kutoka kwangu. Jumamosi asubuhi nikaandika. O, nukta mbili, jina la kifurushi. Nikasema hali yangu hainiruhusu kukitunza, kwamba kuna hitilafu ya Python 3.12 ambayo nilipaswa kuitengeneza na sikuitengeneza, kwamba nusu ya kiraka nimeiambatanisha. Nikamwomba radhi yule mtunzaji mwenzangu kwa jina. Ilinichukua saa mbili kuandika mistari sita. Kutuma, sekunde moja.

Jumapili mama akapiga baada ya kanisa. Nyuma yake kulikuwa na kelele za sahani na sauti ya dada yangu mdogo akiimba.

"Pasaka njema. Umekula?"

"Nimekula. Mama, siko chuo."

"Si ulisema mmefunga mpaka Jumanne."

"Hapana. Sijakuwa chuo tangu mwaka juzi."

Alitoka nje. Nilisikia mlango, kisha kuku.

"Mwaka juzi gani?"

Nikamweleza. Orodha ya mlangoni, kalamu mbili, njia ya nyuma, yote. Hakunikatiza hata mara moja, na mama ni mtu wa kukatiza. Nilipomaliza alinyamaza hadi nikaangalia simu kama bado iko hewani.

"Na Sukari?" akauliza.

"Nyumba, mama. Na chakula. Na bando."

"Mimi nitasema nini kwa chama?"

Sikuwa na jibu. Akakata.

Wiki tatu hatukuongea. Dada yangu alikuwa ananitumia ujumbe: leo ameenda shamba, leo amesema yuko sawa, leo hajasema kitu. Nikapata kazi ya kuandika maelezo ya bidhaa kwa duka la mtandaoni, malipo madogo lakini yanafika, na ya kwanza kabisa nikamtumia Sh1,500. Hakujibu. Hakuzirudisha pia.

Tangu hapo naweka daftari la ninachomlipa. Ni faili ya maandishi tu, nimeipanga kama changelog ya Debian, nafasi mbili na nyota, nafasi mbili kabla ya tarehe, kwa sababu ndiyo namna pekee ya kuweka kumbukumbu niliyofunzwa ikaniingia. Jumla ya deni ni Sh68,000. Hadi mwezi uliopita nimelipa Sh41,500. Chama kimeshamalizwa, hilo tulianza nalo. Sukari bado.

Sasa tunaongea. Chuo hatukitaji sana. Juzi, sijui alikuwa amekumbuka nini, akaniuliza ile kazi ya kompyuta niliyokuwa nafanya bila kulipwa ilikuwa ya nini hasa. Nikajaribu kumweleza kifurushi, mtunzaji, yatima, hadi yule mwalimu wa viziwi. Alisikiliza.

"Na hicho kitu ulichokuwa unalea, nani anakilea sasa?"

"Kuna mtu alikichukua. Siku nne tu baada ya kukiacha. Amekitengeneza, kinafanya kazi."

"Ni nani?"

"Simjui, mama. Jina tu."

"Ulimwambia asante?"

Nilikuwa sijamwambia.